Mtu wa Kuja

Ephraim alimpenda Rais wa Marekani jinsi wengine wanavyopenda timu ya mpira. Alikuwa fundi pikipiki pale Butiama, mwanamume wa miaka arobaini na sita aliyefiwa na mkewe na kurudi kukaa na mama yake. Kwenye ukuta wa kibanda chake, juu ya tairi zilizoning'inia, alikuwa amebandika picha ya Rais huyo. Mteja akimuuliza sababu, alijibu akiendelea kufungua nati: "Huyu hamung'unyagi maneno. Akisema toka, mtu anatoka."

Dada yake Matrida aliyasikia hayo kwenye simu akiwa Uingereza, na kila mara alimbishia.

Matrida alikuwa nesi wa wazee katika mji mdogo wa kaskazini mwa nchi hiyo. Uraia wa huko aliuchukua miaka kumi na mbili iliyopita. Aliapa mbele ya picha ya Malkia, na pasipoti ya Tanzania akaiaga, kwa kuwa sheria ya nyumbani haikubali mtu mzima awe wa pande mbili. Siasa alizifuata kuliko Waingereza wenyewe. Jambo moja tu hakuwahi kumwambia mtu kazini: ile kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya, na yeye aliipiga ya kujitoa. Kijana aliyegonga mlango wake na vipeperushi alimweleza kwamba Wapolandi wakipungua, nafasi zitafunguka kwa watu wa Jumuiya ya Madola. Matrida alimfikiria mdogo wake Ephraim, akaamini.

Nafasi hazikufunguka. Kiangazi cha mwaka juzi watu waliizingira hoteli walimowekwa waomba hifadhi, wakapasua vioo, wakataka kuichoma na watu wakiwa ndani. Msimamizi wa wodi akawaambia manesi weusi wasitembee barabarani wakiwa na sare. Kiangazi kilichofuata zikafungwa bendera kwenye nguzo za taa mtaa mzima, hata ile iliyo mbele ya dirisha lake. Chama alichokipa kura kilikuwa kimeshika serikali, nacho kikaanza kusema yale yale ya wapinzani wake, kwa sauti ya upole zaidi. Mzee mmoja aliyekuwa akimlisha uji kwa kijiko alimshika mkono akamwambia, "Si wewe, binti. Wewe tumekuzoea. Tunawasema wale wengine."

Kwa hiyo Matrida na Ephraim waligombana, kwa ujumbe wa sauti, mwaka hata mwaka. Mwanzoni mwa mwaka jana, Marekani iliposimamisha misaada yake, Matrida alimtumia maneno marefu: dawa za maskini zimeguswa, watu watakufa. Ephraim alijibu jioni hiyohiyo. "Dada, hao watu wa miradi wamekula sana. Acha wanyooshwe."

Matrida alikuwa ametoka zamu ya saa kumi na mbili, miguu imemvimba. Akabonyeza simu akasema, "Siku yatakapokufikia wewe, ndipo utajua kunyamaza."

Alama mbili za buluu zikatokea. Ephraim hakujibu. Matrida naye hakupiga. Alijiambia kwamba mdogo ndiye anayeanza kuomba radhi. Ikapita Pasaka, yakapita mavuno, ikapita Krismasi. Mwezi wa pili mwaka huu akapigiwa na baba yao mdogo, mzee Burito, kwamba Ephraim amefariki.

Aliingia nchini kwa viza, kwenye foleni ya wageni. Mwili waliuchukua mochwari ya Musoma asubuhi, saa nane wakamzika nyuma ya nyumba, padri akiharakisha sala kwa sababu mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa ziwa. Mama yao, Marieta, hakulia kwa sauti. Alikaa kwenye mkeka akitazama shamba la jirani.

Wakati wa matanga watu walimzunguka Matrida wakitaka habari. Eti Mfalme anaumwa? Eti Marekani askari waliofunika nyuso wanawakamata wageni? Siasa za huku hakuna aliyezigusa. Za mbali zilikuwa salama, wakazizungumza kwa raha. Matrida aliwajibu kwa kifupi. Alichotaka kujua yeye ni kilichomuua Ephraim, na hapo kila mtu alishusha sauti.

"Alianza kukonda toka mwezi wa tisa," Burito alimwambia. "Kikohozi, halafu kichwa. Mwishoni alikuwa hatutambui. Wiki moja kabla hajaanza kukonda, aligombana na huyo hapo."

Huyo hapo alikuwa jirani yao Masanja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka kumi na moja iliyopita. Ng'ombe waliingia kwenye muhogo wa Ephraim, yakatoka maneno makali, yakaisha. Kwa Marieta hayakuwa yameisha. "Mtu wa kuja humjui alikotoka na kitu gani," alisema.

Siku ya mazishi mwanamke mmoja mwembamba, aliyejitambulisha kwa jina la Penina, alimpa Matrida mkono wa pole na ndani ya mkono kikaratasi chenye namba ya simu. "Ukipata nafasi, njoo Kabasa, pale Bunda," alisema, akaondoka bila kula.

Kesho yake Matrida aliaga kwamba anakwenda Bunda kununua sukari ya matanga. Alimkuta Penina barazani kwake Kabasa akikaanga furu, vile visamaki vya ziwani, kwenye karai kubwa. Penina alimkaribisha kigoda, akaendelea kugeuza samaki.

"Mimi sikutakiwa kusema," alianza hatimaye. "Tulikula kiapo. Lakini pale msibani nimesikia wanavyomtaja yule Msukuma. Dada, Ephraim alikuwa mtu wangu."

Matrida alidhani anazungumzia mapenzi. Penina akatikisa kichwa.

"Nilikuwa nampelekea dawa. Za virusi. Miaka tisa. Butiama hakutaka kuonekana, akajiandikisha huku. Akija kununua spea Bunda, tunakutana dukani, namtilia makopo kwenye mfuko wa spea. Mradi wetu ulilipwaga na Wamarekani. Mwaka jana mwezi wa kwanza, tarehe ishirini na saba, tukapata ujumbe kwenye simu: simamisheni kazi leo. Basi."

"Na dawa?"

"Dawa zilikuwepo kliniki, zipo hadi leo. Ila ukae kwenye benchi nje, uitwe. Nilimwambia nenda, hakuna anayekutazama. Akaenda mara moja. Akaona mtu wa kwao kwenye foleni, akageuza pikipiki. Nikampigia, nikampigia. Akasema atakwenda wiki ijayo."

Matrida alitoa simu yake, akatafuta ule ujumbe wa mdogo wake, akaangalia tarehe. Ulikuwa umetumwa siku nane baada ya siku aliyoitaja Penina.

"Siku hiyo alikuwa anajua kwamba umesimamishwa?"

"Nilimwambia siku ileile. Akaniuliza, sasa wewe utakula nini?"

Matrida akamwekea ile sauti, "acha wanyooshwe," na Ephraim akasikika pale barazani mzima kabisa, nyuma yake pikipiki ikinguruma. Penina alifuta mikono kwenye khanga.

"Na ya kwako alinisikilizisha," alisema taratibu. "Nilimwambia, dada yako ni nesi, mweleze, atakusaidia. Akasema, nikimwambia sasa, ataona ameshinda."

Matrida alikaa pale hadi mafuta yakapoa. Alisahau sukari.

Kikao cha ukoo kilikaa siku ya nne, chini ya turubai. Mzee Burito alizungumza kwa utulivu, kama mtu anayetoa taarifa ya mvua. Jambo la marehemu linajulikana, alisema. Ukoo haupigi mtu wala hauchomi nyumba. Masanja ataambiwa kwa heshima atafute mahali pengine kabla vijana hawajaamua vingine.

"Baba mdogo, naomba niseme," alisema Matrida.

Alikuwa amewaza usiku kucha. Akinyamaza, mtu asiye na kosa atafukuzwa. Akisema, atamvua nguo ndugu yake kaburini. Hakupata njia ya tatu.

"Ephraim hakurogwa. Alikuwa na virusi. Alimeza dawa miaka tisa, mwaka jana akaziacha."

Mama yake ndiye aliyeuliza, bila kumtazama. "Nani amekuambia?"

"Siwezi kumtaja, mama."

"Basi ni uongo."

"Mama, mimi ni nesi. Kukonda kule, kichwa kile, naujua ugonjwa huo."

"Nesi wa nani? Uliwahi kumshika paji la uso hapa? Mwaka mzima hukumpigia simu. Mwanangu amezikwa na padri, na wewe unakuja kumfukua."

Marieta akainuka kwa kujisukuma na mikono miwili, akaingia ndani.

"Mwanangu," Burito alisema, "wewe uliapa kwa watu wengine. Ya Ulaya tunakusikilizaga. Haya ya hapa tuachie wenye nyumba."

"Kule niliko, baba mdogo, Masanja ni mimi. Hospitali ikijaa, ni sisi. Nyumba zikikosekana, ni sisi. Wanatafuta wa kumbebesha, na mtu wa kuja ndiye aliye karibu. Hata mimi niliwahi kuwabebesha wengine, nikapiga na kura."

"Basi si urudi nyumbani," akasema mtu mmoja kutoka nyuma. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama ushauri. Matrida akakaa chini. Kikao kikaendelea na habari ya ng'ombe wa kuchinja siku ya kuondoa tanga.

Masanja hakungoja kuambiwa. Kesho yake alfajiri alikuwa amewatoa ng'ombe zizini na kupakia mabati yake kwenye trekta la kukodi. Matrida alivuka mpaka wa shamba kwenda kumwomba radhi, umande ukimlowesha miguu.

"Nimesikia ulinitetea, mama," alisema Masanja, akikaza kamba. "Ahsante. Bugwema nina shemeji, ataniweka kwanza."

"Bugwema watakupokea?"

"Kwa sasa. Nitakuwa mtu wa kuja tena, nianze upya." Akamwita mkewe apande. Mkewe alikuwa ameshakaa juu ya magunia, amewapa mgongo.

Siku tatu zilizobaki Marieta hakuzungumza na binti yake. Alimpokea maji ya kunawa, alikula ugali aliousonga Matrida, lakini macho yake yalipita pembeni. Asubuhi ya kuondoka Matrida alipiga magoti mlangoni akasema, "Mama, ninakwenda." Kutoka ndani alisikia kitanda kikilia, kama mtu aliyegeukia ukutani. Alingoja hadi bodaboda ikapiga honi mara ya pili.

Basi la kwenda Mwanza lilisimama Bunda dakika kumi. Penina alikuwa stendi akimngoja, na mfuko wa furu wa kukaanga.

"Kwa ajili ya njiani," alisema, akiupitisha dirishani. "Nimesikia kikao kilivyokuwa. Pole."

"Hukutajwa."

"Najua. Kwangu hakuna wa kunifukuza, ajira yenyewe haipo." Alikamata ukingo wa dirisha. "Nilikuwa na watu thelathini na nane, dada. Wengi wamejipa moyo, wanakwenda kliniki wenyewe, wanakaa kwenye benchi. Sita sijui waliko. Simu zao hazipatikani, na nauli ya kuwafuata siku hizi sina."

"Na Ephraim ni mmoja wa hao sita?"

"Hapana. Hao ni bila Ephraim."

Dereva akawasha gari. Penina akarudi nyuma hatua mbili, akapunga mkono, kisha akageuka kuwauzia abiria wa basi lililokuwa linaingia. Matrida aliuweka mfuko mapajani. Hadi wanafika Mwanza mafuta yalikuwa yamepenya hadi kwenye sketi yake, na hakuwa ameufungua.