Mwano Jukwaani

Msinitajie maigizo yenu ya nyimbo ya siku hizi! Mtu anatoka kutazama, hajafika nyumbani wimbo keshausahau. Mimi Klementina nilitunga igizo moja tu, na mpaka leo Kasoli nzima wanajua wimbo wake. Laiti wangeusahau!

Ilikuwa mwaka tisini na sita, makampuni ya watu binafsi yamemwagika kununua pamba. Constantine, wakala wa kampuni mojawapo, akataka kikundi chetu kiigize gulioni ili kuvuta wakulima. Nikatunga kisa cha mwizi wa ng'ombe. Mwizi akawa kaka yangu Mayige. Akiimba yule, unasahau hata njaa.

Wimbo ukae kichwani, lazima uutie kitu ambacho watu wanacho damuni tayari. Basi kwa kiherehere changu, kwenye kiitikio nikatia mwano. Kwetu Wasukuma, mwano ni yowe la kuita watu ng'ombe wakiibiwa. Ukiusikia unaacha jembe, unaacha ugali, unakimbia na rungu. Usipokwenda unatozwa faini. Mazoezini tuliunong'ona tu. Siku yenyewe tukaupaza, watu ishirini.

Wa gulioni walishangilia. Wa mashambani hawakuona jukwaa, walisikia mwano. Sungusungu wakaja mbio, kamanda wao Machibya mbele, wakamkuta Mayige anakimbia na kamba ya ng'ombe mkononi.

"Ni mchezo! Jamani, ni mchezo!" nilipiga kelele. Nani anasikiliza?

Rungu la kwanza lilimvunja mkono. Mayige, masikini, akazidi kuimba, akidhani wakisikia wimbo wataelewa.

"Mwizi anaimba! Anatudharau!"

La pili likamvunja taya. Nilimlalia, wakaniburuta kwa nywele, wakanipiga mateke ya tumbo. Nilimng'ata mmoja mpaka nikaonja damu. Walipomaliza, Machibya aliokota ile kamba, akaivuta mpaka mwisho. Hapakuwa na ng'ombe. Akatazama ngoma zetu, akakaa chini, akalia.

Mayige alikata roho juu ya mkokoteni, kabla hatujafika hospitali Bariadi. Kichwa chake nilikuwa nimekipakata mimi. Niliyemuua ni mimi, msinibembeleze.

Siku ya tatu ya msiba, Constantine akaja na mfuko wa sukari.

"Dada Klementina, pole sana. Lakini ule wimbo! Watu wanauimba kila kona. Jumamosi turudie, tutafute mwizi mwingine."

Mchi ulikuwa karibu. Nilimtandika nao begani, nikamtandika magotini, akaanguka kwenye majivu. Nikaendelea.

"Nisaidieni! Nakufa!" alilia.

Ua lilikuwa limejaa waombolezaji, Machibya akiwa miongoni mwao, rungu lake kando. Hakunyanyuka hata mmoja. Yowe la namna ile, kwetu hatulikimbiliagi.