Sauti ya Dawa ya Kunguni

Umeshanisikia, hata kama hatujawahi kuonana. Ukipita soko la Kongowea, ukienda Chaani kumsalimia shangazi, yuko mtu anasukuma mkokoteni wenye spika, na ndani ya spika nimo mimi: "Kunguni! Mende! Viroboto! Panya! Wanakufa wote, wakubwa kwa wadogo, na mayai yao!" Panya hatagi, najua, usinisumbue. Aliyeandika maneno si mimi.

Nilirekodi mara moja tu, katika chumba chenye magodoro ukutani, tena nikiwa na mafua. Wachuuzi wakanakiliana wenyewe kwa wenyewe, na sasa napigwa pwani nzima. Nimetangaza pia mitumba, harusi na mikutano ya injili. Ni sanaa ile. Anayebisha na ajaribu yeye kumsimamisha mtu juani amweleze habari za kunguni.

Halafu nikaitwa. Na Mungu, si na studio. Jumapili moja kanisani kwetu Mtopanga nilipewa somo nisome, nikalisoma kama ninavyosoma kila kitu, na katikati yale maneno yakanigeukia mimi mwenyewe. Nililia mbele ya kwaya nzima. Tangu siku ile sikutaka kitu kingine ila kusomea uchungaji. Mama yangu, Nyevu, nilipomwambia alicheka hadi akashika ukuta.

"Uchungaji? Wewe, Dama? Watu watakuja ibadani waulize chupa bei gani!"

Niliudhika, na kwa hasira hizo hizo nikaomba nafasi katika chuo cha theolojia huko Shanzu. Wakaniita kwa mahojiano.

Walinikabili wawili. Mchungaji Ziro, mwenyekiti, alikuwa mzee mwenye miwani iliyomteremka hadi ncha ya pua. Pembeni yake alikaa Mwalimu Pascalia, mama wa bara anayefundisha kuhubiri, aliyevaa sweta katika joto lile.

"Shikamoo, Mchungaji."

"Marahaba, mwanangu. Naona hapa wewe ni msanii wa sauti. Ndiyo kusema waimba?"

"La, Mchungaji. Nasema."

"Wasema nini?"

"Chochote ninachopewa."

Dawa sikuitaja. Huo si uongo, ni adabu. Mwalimu Pascalia akaniomba nihubiri kidogo tu juu ya moyo wa binadamu, nami nikasimama, nikavuta sketi, nikaanza polepole. Dhambi haibishi hodi, nikawaambia, hujificha kwenye mishono ya moyo, taa ikizimwa ndipo inatoka. Mwalimu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hapo ndipo nilipoharibikiwa, kwa sababu mimi nikisifiwa mdomo hupata moto.

"Wivu!" nikapaza sauti. "Kinyongo! Umbea! Fitina! Neema ikiingia wanakufa wote, wakubwa kwa wadogo, na mayai yao!"

Nilitamani sakafu inimeze.

"Mayai ya umbea?" akauliza Mwalimu Pascalia.

"Hebu ngoja, Mwalimu." Mchungaji Ziro alikuwa amevua miwani, ananikodolea macho. "Sauti hii naijua. Wallahi naijua! Mungu nisamehe." Akaniinamia juu ya meza. "Ni wewe uloniuzia ile dawa. Nikapaka kitanda, nikapaka godoro, nikapaka na dari. Mke wangu akahamia kwa dadake. Na kunguni wakanenepa!"

"Pole, Mchungaji."

"Pole hainisaidii kitu. Nambia jambo moja. Ulipokuwa wasema wanakufa, uliamini?"

Ningeweza kuzungusha maneno, kazi hiyo naijua. Lakini alikuwa ananitazama kama mtu aliyelala mezani wiki nzima kwa ajili yangu, nikashindwa.

"Sikuwahi kufikiria," nikasema. "Nilipewa maneno, nikayasema vizuri."

"Vizuri mno," akajibu kwa uchungu. "Sasa sikiza, mwanangu. Hapa twafundisha watu waende wakaseme mambo ya uzima na mauti. Kuna watu watayapaka maneno yako kwenye vidonda vyao. Sauti unayo, sibishi. Nisilolijua ni kama kuna mtu nyuma yake."

Hasira zilinipanda hadi masikioni. Nilitaka kumjibu jibu la kumweka sawa, na nilipolitafuta nikagundua kuwa hata mimi sijui. Jambo hilo liliniuma kuliko maneno yake.

Mwalimu Pascalia, nadhani kwa kunihurumia, akasema tufunge kwa maombi. "Dada Dama, tuongoze."

Nikafumba macho. "Baba," nikaanza, na kilichofuata hakikuja. Niliitafuta ile sauti yangu nene ya mkokotenini, sikuipata. Nilisikia feni ikizunguka na mtu akifagia nje.

"Naogopa," nikasema mwishowe. Ilitoka sauti ndogo, yenye kukwaruza, ambayo sijawahi kuisikia popote. "Amina."

Hakuna aliyeitikia. Nikadhani labda wanangoja nirudie, kama kwenye tangazo.

"Waogopa nini?" akauliza Mchungaji Ziro taratibu. "Kwamba tutakukataa?"

"La," nikasema, na machozi yakanitoka bila ruhusa. "Naogopa mtanikubali. Halafu siku moja mtu atanijia na mtoto wake mgonjwa, aniulize kama ni kweli, na hapo hakuna atakayenipa maneno."

Mwalimu Pascalia aliangalia mikono yake. Mchungaji Ziro alifuta miwani kwa ncha ya shati, akaifuta tena ingawa ilishatakata.

"Mie nimeulizwa," akasema. "Huko Likoni, na mama mmoja, nikiwa mchungaji wa miaka mingi. Hadi leo sijui kama nilimjibu." Akaivaa miwani yake. "Masomo yaanza Septemba. Njoo tuogope pamoja."