Bikoni ya Kona ya Nyuma

Saa nne asubuhi Fundi alikuwa ameshachimba mashimo saba nyuma ya nyumba aliyokulia, na bikoni hakuna. Yeye ni fundi cherehani, mtu wa tepu na chaki, jembe kalijulia wapi? Viganja vilikuwa vimejaa malengelenge, na hasira zimempanda mpaka akawa analigombeza jembe.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Jirani mstaafu alitaka kujenga ukuta, na alidai jiko la mama limeingia kwenye kiwanja chake hatua mbili. Mpima ardhi angefika saa sita. Kwenye simu alishasema waziwazi: ile bikoni, kinguzo cha zege chenye namba kilichofukiwa kwenye kona tangu enzi za marehemu baba, ikionekana mahali pake, atapima kutoka hapo. Isipoonekana, atapima kutoka kwenye geti la jirani, na jiko ndiyo basi tena.

"Njoo unywe chai," mama aliita kutoka jikoni.

"Mama, jiko lako linataka kuvunjwa, na wewe unaniambia chai."

"Basi livunjwe ukiwa umekunywa."

Huyu mama naye! Tangu asubuhi amekaa mlangoni anachambua maharage, utadhani kiwanja kinachogombewa ni cha watu wengine. Fundi alimuuliza mara tatu kama anakumbuka bikoni ilipo, na mara tatu akajibiwa kwamba mambo ya mipaka alikuwa anayajua marehemu.

Shimo la nane lilitoa kopo bovu na kandambili moja ya mtoto. Fundi akalitupa jembe, akaenda kuinywa hiyo chai. Pale mlangoni akajikwaa kwenye jiwe linalouzuia mlango usijifunge, jiwe jeusi tii kwa masizi. Likabiringika. Upande wa chini lilikuwa na namba ya tarakimu nne na ncha ya chuma iliyoota kutu.

Akakaa palepale chini.

"Mama, hili jiwe lilitoka wapi?"

"Si uliniletea wewe," mama alisema, bila kuacha maharage yake. "Ulikuwa darasa la tatu. Mlango ulikuwa unanipigapiga, nikasema jamani, nani atanitafutia kitu kizito. Ukaja nalo umelikumbatia tumboni. Nilikusifu kwa majirani wiki nzima."

Sifa alizikumbuka. Alikumbuka uzito, na udongo kwenye gauni la shule. Mahali alipoling'oa ndipo hapakumjia kabisa akilini, hata alipofumba macho na kujipiga kofi la paja. Alijikasirikia kuliko alivyomkasirikia jirani.

Akampigia kaka yake.

"Lifukie popote pale," kaka alisema. "Nani atajua?"

"Mama atajua."

Mama yao hana kifua, mtaa mzima unalijua hilo. Hata hivyo Fundi alilibeba jiwe mpaka kwenye mashimo, akaligeuzageuza. Upande mmoja ulikuwa umelainishwa na mlango, mwingine umeganda masizi. Mpima angekuwa kipofu asione. Na alifukie kwenye shimo lipi kati ya manane? Maisha yake yote hajawahi kukata kitambaa cha mtu kwa kubahatisha. Akalirudisha mlangoni, macho yakimwasha kwa machozi ya hasira.

Saa sita mpima akaingia, jirani nyuma yake.

"Bikoni mmeipata?"

"Tumeipata."

"Iko wapi?"

"Inashikilia mlango. Niliing'oa mwenyewe nikiwa mtoto."

Jirani alitaka kucheka, akajikohoza. Mpima aliinama akaisoma namba, akatikisa kichwa. "Ikishang'oka haina kazi tena," alisema, wala hakusema kwa ubaya. Akaenda kwenye geti la jirani, akaivuta tepu yake ndefu, akaruka mashimo ya Fundi moja baada ya jingine, akapita mlangoni, na kipimo kikamwishia ndani kabisa ya jiko, pembeni ya mafiga. Upepo ukawa unaichezesha tepu. Akauliza kama kuna kitu kizito cha kuikandamizia.

Mama, mkarimu siku zote, alikuwa ameshaliinua lile jiwe.

"Tumia hili, baba," alisema. "Binti yangu ndiye aliyeniletea."