Chiriku Yupo

Asubuhi ile wanawake kumi na watatu wa chumba cha pasi, katika kiwanda cha mashati, walivua viatu wakavipanga chini ya meza, wakasimama peku juu ya saruji ili wazihisi nyayo zao. Ndivyo alivyotaka mwalimu wa utulivu, mama mmoja mwenye sauti laini kama ya mtu anayembembeleza mtoto wa mwenzake. Meneja alimleta wiki mbili baada ya Chiriku kuanguka.

Chiriku alianguka kando ya pasi namba sita, saa nane mchana, kola ya shati ikiwa mkononi. Dirisha la chumba kile lilikuwa limegongomewa misumari tisa. Meneja aliipigilisha mwaka uliopita, mashati yalipopotea, akaamini kuna watu wanayatupa nje. Mashati yalikutwa siku ya tatu nyuma ya kabati, lakini misumari ilikuwa imeshaingia na hakuna aliyetaka kumsumbua fundi tena. Mvuke ukakosa pa kutokea. Daktari aliandika kwamba marehemu alikuwa na moyo dhaifu. Dada yake mkubwa, ambaye kiwanda kizima kilimwita Mama Pasi, alimbeba Chiriku mgongoni tangu akiwa mchanga, na aliujua moyo ule. Ulikuwa mzima kama jiwe la kusagia.

Misumari haikung'olewa. Akaletwa mwalimu.

"Mama zangu, mateso mengi yanatokana na akili kuzurura," mwalimu alisema. "Mwili uko hapa, akili iko sokoni. Kabla ya kuwasha pasi, vuteni pumzi tatu. Ukinywa maji, kunywa maji tu. Mwenzako akiongea, msikilize mpaka amalize. Na kila asubuhi utaje vitu vitano unavyoviona mbele yako."

"Hizo pumzi tatu tutazitoa wapi?" aliuliza mpiga pasi wa namba mbili. "Humu tunagawana moja, watu kumi na watatu."

Wakacheka. Mwalimu naye akacheka kidogo, kisha akafungua daftari. "Nikikuita, sema nipo. Lakini uwepo kweli."

Orodha aliyopewa ilikuwa ya zamani, hakuna aliyejishughulisha kuirekebisha. Aliita, akaita, akafika kwa Chiriku.

"Nipo," Chiriku akajibu.

Alikuwa amesimama penye namba sita, na gauni lake la kazi lenye madoa ya wanga. Mvuke ulikuwa ukimtoka mabegani taratibu. Mpiga pasi wa namba saba alisogeza ndoo yake ili ampishe.

"Umechelewa," Mama Pasi alimwambia.

"Kule hawaiti majina, Dada."

Chiriku akawa mwanafunzi bora kuliko wote. Kesho haikumtia wasiwasi, na jana yake ilikuwa fupi. Alipokunywa maji, alikunywa maji tu, kikombe kimoja nusu saa nzima. Mwalimu akawa anamtolea mfano. Jambo jingine lilikuwa hili: aliyesimama karibu naye alihisi yale aliyoyahisi yeye saa nane ile, joto likipanda kutoka nyayoni, kifua kikibana, ulimi ukigeuka kitambaa. Wenzake hawakuona tofauti, maana ndivyo walivyojisikia kila siku.

Mama Pasi aliona. Alikuwa mtu wa subira, lakini subira yake ilikuwa ya mwiba: hulala tu njiani, mguu utakuja. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Yeye aliona amengoja vya kutosha, na kufika juu ofisini kwa meneja zilikuwa ngazi ishirini tu.

"Mdogo wangu," alisema wakikunja mashati, "panda ukakae na meneja. Mfundishe haya tuliyofundishwa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka dirisha lifunguliwe."

"Na nikichoka je?"

"Wewe! Uchoke na nini tena?"

Chiriku akacheka kile kicheko chake cha kuziba mdomo kwa kiganja, akapanda.

Meneja alikuwa anakunywa chai, anasoma barua na kuongea na simu, vyote kwa pamoja. Chiriku akavuta kiti.

"Bosi, ukinywa chai, kunywa chai tu."

Meneja alilitambua gauni la kiwanda chake, akaweka simu chini. Joto likaanza miguuni. Likapita magotini, likafika kifuani likakaa kama mgeni aliyekuja na mizigo. Alinyanyuka akafungua dirisha, dirisha pana linalotazama mti wa kivuli. Upepo ulifika kizingitini ukageuka.

"Sasa vuta pumzi. Unahisi nini?"

"Hakuna hewa."

"Vizuri. Baki hapo hapo, Bosi. Usizurure."

Alimfuata mpaka nyumbani. Mke wa meneja alimwekea Chiriku sahani, akamwuliza kama anatumia chumvi. Chiriku alimtaka meneja atafune kila tonge mara thelathini. Kisha akamtaka amsikilize mpaka amalize, na Chiriku hakupewa jina lile bure. Alisimulia saa nane ile, kola, pasi, sakafu ilivyokuja usoni. Alipokaribia mwisho, alikumbuka kitu alichosahau, akaanza upya.

Habari zilimfikia Mama Pasi kupitia kwa mama wa chai, aliyehudumu ofisini. "Leo bosi ameloanisha kwa jasho mashati manne kabla ya saa sita," mama wa chai alisema. Mashati yaleyale yaliletwa chini yapigwe pasi. Mama Pasi aliyapiga polepole, kwa makini kama alivyofundishwa, akahisi raha ya mtu aliyekuna mahali palipokuwa pakimwasha siku nyingi.

Siku ya kumi na tisa meneja alishuka mwenyewe, taulo shingoni.

"Mama, mwite mdogo wako."

"Dirisha, baba."

"Dirisha si langu mimi. Linahitaji barua ya makao makuu."

"Na yeye si wangu tena. Yuko kazini."

"Mama, ninakufa."

"Hapana. Kufa hakukawii hivyo. Muulize, si huyo nyuma yako?"

Chiriku akatikisa kichwa. Bado.

Kesho yake fundi alikuja na nyundo na msumeno. Wanawake walizima pasi wakasikiliza hatua zake. Zilifika mlangoni kwao, zikapita, zikapanda ngazi. Jioni meneja alikuwa na dirisha la pili. Wiki iliyofuata fundi akampasulia la tatu. Upepo ulikuja kwa yote matatu ukageuka kwenye vizingiti. Meneja akazoea. Aliagiza taulo kumi na mbili, akampa Chiriku kiti chenye mto.

Nyumbani, kitanda cha Chiriku kilikuwa kimetandikwa bado. Kuna jioni Mama Pasi alitamani kumwita arudi alale. Aliimeza tamaa hiyo kama mtu anavyomeza dawa chungu, akazima taa.

Asubuhi mwalimu alimfikia. "Vitu vitano, Mama."

Mama Pasi alilitazama dirisha. "Msumari," alisema. "Msumari. Msumari. Msumari. Msumari."

"Vizuri sana. Umetulia kweli leo."

"Imebaki minne. Hiyo nitaitaja kesho."

Akavuta pumzi zake tatu katika hewa iliyokuwepo, akawasha pasi. Juu ya dari, miguu ya kiti ilikwaruza sakafu, na sauti ya Chiriku ikaanza tena, tangu mwanzo.

"Ilikuwa saa nane mchana, Bosi. Unasikiliza?"