Ventari ya Milango Minne

Miaka ya mwanzo, Ochuodho aliwajua wateja wake kabla hawajafika. Alisikia injini ikinguruma kutoka upande wa forodha, akasema, "Huyo ni daktari," au, "Huyo ni kijana wa kinu cha pamba," na mara nyingi hakukosea. Alikuwa wakala wa Ventari hapo Busia, upande wa Kenya. Yalikuwa magari ya mbio, yamekaa chini karibu yaguse lami, bonneti ndefu, viti viwili tu. Waliyanunua wanaume ambao hawakuwa na mtu wa kuwangoja nyumbani: mawakili na madaktari vijana kutoka ng'ambo ya mpaka, wana wa wafanyabiashara Wahindi wa Tororo na Mbale, na mmoja wawili walioota kushindana katika Safari Rally. Jumamosi walijaa uani kwake, wakanywa bia na kubishana nani aliitoa Bumala hadi Busia kwa kasi zaidi. Ochuodho alikuwa kama kaka yao mkubwa, na aliamini kwamba hiyo ndiyo kazi aliyozaliwa kuifanya.

Mwaka wa sabini na mbili Wahindi wa Uganda walifukuzwa. Wengine walipita hapo mbele ya duka lake wakiwa na masanduku juu ya mabasi. Kijana wa kinu cha pamba alishuka kumpa mkono. Ochuodho alipomuuliza Ventari yake iko wapi, alisema, "Imechukuliwa na mwanajeshi mmoja. Hata viatu vyangu vya kuendeshea viko ndani." Baada ya hapo Jumamosi zilikuwa kimya.

Miaka mitatu baadaye kampuni ilileta Nairobi aina mpya ya Ventari, na moja ikafika Busia juu ya lori. Ilikuwa na milango minne, kiti kipana cha nyuma na buti la kutosha magunia mawili. Ochuodho aliitazama kama mtu aliyeletewa maiti asiyoijua. Akaamuru isukumwe nyuma ya karakana, na plastiki za viti zisitolewe.

Aliyeitoa huko ni Petronilla, mjane wa Kiteso kutoka Amukura aliyewahi kufundisha shule ya msingi, na ambaye ofisi ya Nairobi ilikuwa imemwajiri kuuza aina hiyo mpya. Aliiweka mbele kabisa, milango yote wazi, akawaacha akina mama waliotoka sokoni waingie na watoto wao.

"Mzee, wewe unamwonyesha mwanaume injini," alimwambia Ochuodho. "Mama anataka kujua mtoto akitapika hicho kiti kinaoshwa na nini."

Gari likauzika. Bei ya kahawa ilipopanda na mpaka mzima kuchangamka, walikuja wanunuzi wa kahawa na wake zao, walimu wakuu, manesi, hata katekista mmoja wa Khunyangu aliyechangiwa na wanawe. Hakuna hata mmoja aliyeuliza gari linafika kasi gani. Vijana wa zamani waliobaki walipita wakicheka. "Ochuodho siku hizi anauza vitanda vya watoto," walisema, na wakaacha kupita. Mauzo yalikuwa mazuri kuliko wakati wowote, naye alikuwa akirudi nyumbani na uso wa mtu aliyefiwa.

Aliyebaki naye ni mmoja tu, Daktari Paulinus Emuron wa Tororo, mwenye Ventari nyekundu ya viti viwili. Emuron alikuwa ameoa. Siku moja alikuja na mkewe, Adeke, na Adeke akaingia kwenye gari la milango minne, akaketi nyuma, akakataa kushuka.

"Sisi tunaenda kanisani kwa zamu," alimwambia Petronilla. "Leo mimi, Jumapili ijayo watoto. Mama mkwe hajawahi kupanda."

Emuron alicheka. "Nikiendesha hii wagonjwa wataniita babu. Tutaona mwaka ujao."

Ochuodho alicheka pamoja naye.

Mwaka huo uliofuata ulikuwa sabini na saba. Asubuhi moja Ventari nyekundu iliingia uani kwa kasi, ikagonga pipa la maji. Emuron alitoka bila viatu. Kwenye kile kiti kingine walikuwa binti zake wawili, wamebanwa chini ya mkanda mmoja, na mdogo alikuwa amejikojolea.

"Mke wako yuko wapi?" Petronilla aliuliza.

Emuron aliwatazama binti zake kwanza. Alieleza kwa vipande. Kuna maiti ililetwa hospitalini, imepigwa risasi, akaambiwa na wanajeshi aseme ni malaria. Alikataa. Jana nesi mmoja alimnong'oneza kwamba wanakuja kumchukua. Alikuwa na gari la watu wawili na nyumba ya watu sita.

"Nimewaacha misheni huko Tororo, Adeke na mtoto mchanga na mama yangu. Mama mguu umevimba, hawezi kutembea. Nimewaambia narudi sasa hivi." Akageukia usukani. "Nirudi."

Ochuodho alimshika shati. "Hiyo gari inajulikana kila kizuizi. Ni wewe mwenyewe uliitaka nyekundu."

"Basi nipe ile nyingine!"

"Na uso wako nao utaubadilisha?"

Emuron aliketi chini kwenye mafuta ya injini yaliyomwagika. Alianza kupiga paji lake la uso kwa ngumi, polepole, huku binti zake wakimtazama. Ochuodho alikumbuka kicheko chao wote wawili, siku ile Adeke alipokataa kushuka. Alichukua ufunguo wa gari la maonyesho.

"Naenda mimi," alisema.

"Peke yako?" Petronilla alikuwa tayari anavua plastiki za viti. "Mwanaume peke yake kwa gari ya familia ataulizwa familia iko wapi. Mimi ni mke wako mpaka turudi."

Alivunja biskuti juu ya kiti cha nyuma, akapaka tope kwenye mazulia, akatupa ndani kikapu cha ndizi na nguo za watoto. Gari jipya likawa la watu waliokaa nalo.

Walivuka Busia wakisema wanakwenda matanga ya shangazi yake Petronilla. Hakuna aliyewaangalia mara ya pili. Njiani walipishana na magari mengine ya namna hiyo, baba mbele, mama pembeni, vichwa vya watoto nyuma. Miaka miwili mizima Ochuodho aliona aibu kukutwa kwenye usukani wa gari hili. Sasa aliomba lionekane la kawaida kuliko yote duniani.

Misheni walimkuta Adeke amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, kana kwamba hakuwa ameketi tangu mumewe aondoke. Alipoona gari si jekundu alirudi nyuma, kisha akamtambua Petronilla.

"Paulinus?"

"Yuko Busia. Yuko mzima. Ingia."

Walimbeba mama mkwe, Bi Amoding, wakamlaza nusu kwenye kiti cha nyuma. Mwanamke mmoja aliyekuwa ametoka njia hiyo sasa hivi aliwaambia kwamba barabara ya Busia imefungwa tangu wapite, wanapekua kila gari. Ikabidi wazunguke watokee Malaba.

Kizuizi cha mwisho kilikuwa karibu sana na mpaka hivi kwamba waliona malori ya upande wa Kenya. Askari mwenye bunduki aliwasimamisha. Alizunguka gari, akasoma jina lililoandikwa nyuma.

"Ventari?" alisema. "Ventari ni ya viti viwili. Iko daktari hapa ana nyekundu. Tunamtafuta huyo."

Nyuma, Adeke alimbana mtoto kifuani. Mtoto akaanza kulia. Askari aliinama dirishani kutazama ndani, na Ochuodho akajua kwamba akiachwa atazame uso wa yule mwanamke kwa muda wowote, wote wamekwisha. Akafungua mlango akashuka.

"Afande, hiyo ya viti viwili ni ya vijana," alisema, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya dukani. "Hii ni ya mtu mwenye nyumba. Wewe uko na watoto?"

Askari alimtazama kama anayetaka kumpiga. "Watano."

"Watano wanaingia. Njoo uone hapa." Alifungua buti. Alionyesha urefu wake. Alieleza jinsi kiti cha nyuma kinavyolala, jinsi mlango usivyoweza kufunguliwa na mtoto kutoka ndani. Jasho lilimtiririka hadi kwenye soksi. Alitaja kila jambo ambalo Petronilla alikuwa amewaambia akina mama kwa miaka miwili, yale yote aliyoyadharau, na yaliyomponyoka, Petronilla aliyadaka mwenyewe kutoka dirishani.

"Hata mama mjamzito anaingia bila kuinama, afande. Na kiti ni cha kupangusa na kitambaa tu," Petronilla alisema.

Askari alifungua mlango wa nyuma, akaketi kando ya Bi Amoding, bunduki juu ya magoti. Akazungusha mkono wa dirisha, juu, chini.

"Mimi niko na ile ya viti viwili," alisema taratibu. "Nilipata wakati Wahindi walitoka. Mke wangu hajawahi kupanda. Anasema nilichagua gari ya mjinga." Akamgeukia Adeke. "Huyu ni nani?"

"Dada yangu," Petronilla alijibu haraka. "Mtoto ana homa, tunampeleka kwetu Amukura. Na huyu ni mama yetu."

Bi Amoding, ambaye hakuwa amesema neno tangu misheni, alimsemesha askari kwa Kiteso, akamwambia amwondolee hiyo bunduki kwenye mguu, inamuumiza. Askari hakuelewa lugha, lakini alisogeza bunduki. Akazungusha dirisha tena.

"Lete ufunguo," alisema.

Ochuodho alimpa.

"Shukeni. Kenya ni hapo."

"Mama hawezi kutembea, afande."

"Basi abaki."

Ochuodho alimweka Bi Amoding mgongoni. Walitembea kuelekea mpakani bila kugeuka, Adeke mbele na mtoto, Petronilla pembeni yake amemshika mkono kwa nguvu. Nyuma yao walisikia askari akiwasha gari, akiitafuta gia, injini ikikwaruza. Kila mkwaruzo Ochuodho alidhani ni risasi. Yule mama alikuwa mzito na pumzi zake zilikuwa moto kwenye shingo yake, akamnong'oneza swali moja. Walipopita daraja la mpakani, Ochuodho alipiga magoti, akashindwa kuinuka tena hadi polisi wa Kenya walipokuja kumsaidia.

Emuron alipowaona wakishushwa na lori hapo Busia, alikimbia kwa Adeke. Adeke alimpa mtoto, akampita, akaenda kuwakumbatia binti zake. Hakumwambia kitu siku ile, wala kesho yake.

Mtu wa Nairobi alifika wiki hiyohiyo, amevaa tai.

"Ulimpa askari wa nchi nyingine gari la kampuni?"

"Nilimpa," Ochuodho alisema.

"Na unataka nikaandike nini?"

Ochuodho alimwekea funguo za duka mezani. Duka likafungwa, jina likabanduliwa ukutani. Petronilla aliambiwa anaweza kupata kazi tawi la Kisumu, kwa kuwa wateja wa sasa wanamtaka mtu kama yeye. Alikataa siku ya kwanza, akakubali siku ya pili, kwa sababu alikuwa na watoto wa kusomesha. Alimuaga Ochuodho akilia. Ochuodho alimwambia asilie, akaingia karakana tupu, akakaa humo hadi mkewe alipokuja kumtafuta.

Bi Amoding hakupona. Moyo ulikuwa umechoka, daktari wa hapo alisema, na Emuron aliyekuwa daktari pia alikuwa ameliona hilo mapema kuliko mtu yeyote. Ndugu za Petronilla walitoa ardhi Amukura, wakamzika huko, kati ya watu wanaosema lugha yake.

Baada ya mazishi Emuron alimfuata Ochuodho pembeni mwa shamba la mihogo. Alikuwa amekonda, shati limekuwa kubwa kwake.

"Wewe ulimbeba," alisema. "Alisema nini njiani?"

Ochuodho angeweza kumdanganya. Alifikiri kusema kwamba mama alisali, au kwamba alimbariki mwanawe.

"Aliuliza kama wewe umekula," alisema.

Emuron aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayepokea maagizo. Kisha akaketi kwenye mtaro wa shamba, akajifunika uso kwa mikono yote miwili. Ochuodho aliketi kando yake. Watu walikuwa wameanza kutawanyika. Adeke alisimama kwa mbali pamoja na watoto wake watatu, akiwatazama wanaume hao wawili. Baadaye aliwaacha watoto kwa mwanamke mwingine, akaanza kuja polepole kati ya mihogo, bila hata yeye kujua atakapofika atasema nini.