Siku Tuliyoupunguza Ushuru

Usiku wa kuamkia leo niliota niko kazini. Mimi ni afisa forodha mpakani, huku Kagera, mwaka wa kumi na mbili sasa. Mkuu wa kituo alikuwa amenitaka nimpelekee leo asubuhi mapendekezo ya kukomesha magendo, nami nililala sijaandika hata mstari mmoja.

Katika ndoto, ushuru ni ukuta. Ni wa matofali, umejengwa katikati ya barabara, umelipita hata paa la ofisi yetu. Watu wanakuja na mizigo yao, wanautazama, wanageuka na kuingia migombani.

“Ushuru uko juu, afande,” ananiambia mama mmoja mwenye trei ya mayai. Anaaga kwa heshima na kupotelea kwenye migomba.

Sheria ya pili ya ndoto hii inataka kila bidhaa ijitambulishe. Dumu la mafuta ya kula linanisogelea.

“Shikamoo. Nimetoka ng'ambo, nimepita njia za panya. Naomba radhi.”

“Nani alikubeba?”

“Simtaji. Alinibeba vizuri.”

Naandika: *shahidi hana ushirikiano.*

Kisha linafika gunia la kahawa, limeloa chepechepe, liko begani kwa mwanamume mrefu.

“Mimi ni kahawa ya Rwegoshora,” linasema gunia. “Navuka kwenda kutafuta sare ya shule ya Kokushubira.”

Kokushubira ni mimi. Aliyelibeba ni baba yangu. Alizama mtoni na gunia lake nikiwa na miaka tisa, na pale kazini sijawahi kumwambia mtu alikufaje.

“Shikamoo, Baba.”

“Marahaba, Koku. Kumbe sare ulipata.” Anaitazama kofia yangu ya forodha. “Imekukaa.”

“Baba, kwa nini ulipita mtoni?”

“Nilianzia hapa. Nikautazama ukuta, nikautazama mgongo wangu.”

Nachukua fomu ya kukamata mali, maana ndiyo kazi. Naandika jina lake. Nikiinua kichwa, ofisi imekuwa jiko la nyumbani. Mama anamenya ndizi, hageuki.

“Koku, baba yako kachelewa leo. Mfunikie chakula chake.”

Kalamu inakataa kuandika zaidi. Inasema imechoka. Naiweka chini.

Naurudia ukuta na kung'oa tofali la juu. “Asilimia moja,” linajitambulisha. Nampa Baba. Nang'oa la pili. “Asilimia moja,” linasema nalo. Baba anapokea na kupanga pembeni, polepole, kama alivyokuwa akipanga kuni. Tunafanya kazi hiyo sijui siku ngapi. Sitaki iishe.

Ukuta unapofika magotini, mama wa mayai anatoka migombani. Anavuka, anasimama dirishani, anaomba aandikwe. Nyuma yake foleni inajaa. Dumu la mafuta nalo limerudi, safari hii na mwenyewe.

“Sisi tuliobaki tunatosha kujenga zahanati,” yanasema matofali ya chini.

Baba ni wa mwisho. Nachukua muhuri, lakini gunia limeloa, wino haushiki.

“Piga hapa,” anasema, akinifungulia kiganja.

Napiga. Anautazama muhuri muda mrefu, kama mtu aliyepewa cheti. Kisha ananishika shavu kwa kiganja hicho hicho, kama alivyokuwa akinipima homa.

“Sasa napita barabarani,” anasema.

Anauvuka ukuta bila hata kuinua mguu sana. Naona mgongo wake ukiondoka, na gunia limekauka.

Niliamka kumekucha. Kabla sijanawa niliketi kitandani nikaandika mapendekezo yangu: ushuru wa mizigo midogo upunguzwe, wenye mizigo hiyo wafunguliwe dirisha lao. Chini yake niliongeza kwamba baba yangu, Rwegoshora, alifia mtoni akivusha kahawa.

Nikaenda bafuni. Kwenye kioo, shavuni mwangu, palikuwa na wino wa bluu. Herufi zilikuwa zimegeuka, ila kioo kilizinyoosha, nikazisoma vizuri: IMERUHUSIWA.