Marehemu Aliyeombwa Ruhusa

Tangu wamzike Mbongeleni Mchunu pale kwao Msinga, ng'ombe walikataa kuingia zizini. Jioni walifika langoni wakasimama, pua juu, kana kwamba kuna mtu amekaa njiani na hawataki kumkanyaga. Wakachapwa, wakabembelezwa, wapi! Ikabidi ubomolewe upande mwingine wa zizi wapitie huko.

Mama wa marehemu, MaSokhela, hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa amezika mwili tu. Mbongeleni mwenyewe alikuwa bado Umlazi, mjini, katika chumba cha kupanga alimofia, akihangaika na watu asiowajua.

"Tulileta sanduku, shemeji," alisema Mzikayise, mdogo wa mumewe. "Mtu tumemwacha. Lazima tukamchukue."

Hilo ndilo MaSokhela alilolitaka duniani, hakuwa na lingine: mwanawe aingie ndani, apumzike kwao. Mbongeleni alikaa mjini miaka mingi bila kurudi hata sikukuu, na mama yake alikuwa amechoka kumngoja akiwa hai. Kumngoja akiwa mfu hakuweza.

Siku hizo alikuwapo Nompilo, binti wa kina Shange, aliyetumwa na chuo kikuu apite kwenye nyumba zenye msiba aulize watu hupoaje. Alikuwa na maswali ya kumchosha punda, lakini adabu alikuwa nayo. Hakai mpaka aambiwe kaa, haandiki mpaka aombe. Mama, unaniruhusu? Mama, na hili niandike?

"We mtoto," MaSokhela alimtania, "utakuja kumwomba kuku ruhusa kabla hujala yai lake."

"Ndivyo tulivyoapishwa chuoni, Mama. Asiachwe mtu bila kuulizwa."

Basi aliposikia safari ya Umlazi akaomba kuongozana nao, wakamkubalia.

Mzikayise akakata tawi la ule mti wa miiba ambao kwao hubebea roho ya mfu mpaka nyumbani, wenye mwiba mmoja unaotazama mbele na mwingine unaopinda kurudi nyuma. "Nikishalilaza pale alipofia," akawaambia, "sisemi na mtu. Nasema naye tu mpaka tufike. Msinisemeshe."

Kwamba wengine nao wasimsemeshe marehemu, hilo hakulisema. Nani angelisema? Pale Msinga hata mtoto analijua, kama ajuavyo kwamba moto unaunguza. Lakini Nompilo alilelewa mjini, na wazazi wake walikuwa watu wa kanisa wasioshika matawi.

Wakaenda kwa pikapu ya jirani yao, Sibiya, mtu wa maneno mengi. Mpangaji mpya wa kile chumba aliwapisha akasimama nje. Mzikayise akalilaza tawi kwenye saruji, pale kilipokuwa kitanda.

"Mchunu! Macingwane!" akamwita kwa jina la ukoo na la sifa yake. "Ni sisi. Inuka twende nyumbani kwa mama yako."

Ndipo Nompilo akasogea, akapiga magoti mbele ya tawi, viganja pamoja.

"Samahani, kaka Mbongeleni. Mimi ni Nompilo Shange, natoka chuo kikuu. Wenzako wote nimewaomba ruhusa, umebaki wewe. Naomba niongozane nawe. Karibu kwangu, tutakuwa wote mpaka nyumbani."

Sibiya akacheka mlangoni. "Loo! Tangu azaliwe, huyo hajaombwa ruhusa na mtu. Leo kapata heshima!"

MaSokhela naye alitabasamu, adabu ile ilimpendeza. Kisha akamwona shemeji yake. Macho yalikuwa yamemtoka, kinywa kakibana, kichwa anatikisa kwa nguvu kama mtu anayefukuza nyuki. Kusema hawezi. Na yale majani ya tawi, mle ndani msimokuwa na upepo, yakageuka yote upande mmoja, upande wa msichana, kama masikio.

Wakarudi. Mzikayise alikaa mbele na tawi lake, na kwenye kila daraja alimwambia marehemu, "Mchunu, tunavuka." Lakini sauti yake ilizidi kufifia. Tawi lililobeba mtu lina uzito wake, wazee hulishika kwa mikono miwili. Yeye alilishika kwa vidole viwili, jepesi kama unyoya, na machozi yakimchuruzika.

Nompilo alikuwa amelala tangu watoke. Walipoanza kuteremka kuelekea mto Thukela akafumbua macho, akachungulia dirishani.

"Mkuyu wa kwa Ngubane wameukata?"

Sibiya akageuka. "Mkuyu gani, binti? Ule ulikatwa tulipokuwa tunajengewa lami. Wewe wakati huo ulikuwa unanyonya!"

"Sijui," alisema Nompilo akijifikicha macho. "Nimedhani tu."

Sibiya akarudisha macho barabarani, akaongeza mwendo.

Walifika jua likiwa bado juu ya kilima. Ng'ombe walikuwa wamesimama palepale langoni, pua juu. Nompilo akashuka, akawapita katikati bila kuwatazama, akapiga mluzi mwembamba. Wakamfuata. Wakaingia wote kwa lango la zamani, mmoja nyuma ya mwingine, kama ambao hawajawahi kugoma.

Moyo wa MaSokhela ukaruka. Amekuja! Akaanza kumfuata, kisha akasimama, maana mluzi ule aliujua, na haukuwa wa msichana.

Ndani ya msonge Mzikayise alilipeleka tawi nyuma kabisa, mahali ambapo wakubwa waliotangulia hupewa chakula chao. Akaliweka chini. Baridi ya siku zote ya mahali pale haikubadilika. Tawi lilikaa pale kama kuni tu.

Nompilo akaingia. Akavua viatu. Siku zote alikuwa akigeukia kushoto, wanawake wanapokaa. Leo alikwenda kulia, upande wa wanaume, akaegemea nguzo, akanyoosha miguu.

"Sokhela," akasema, "maziwa yameganda?"

Hakuna mwingine aliyewahi kumwita hivyo. Mbongeleni alilelewa na bibi yake, na tangu huko alizoea kumwita mama yake kwa jina la ukoo wake, kama wanavyoitana watu wa rika moja. MaSokhela akacheka huku akilia. Akakiendea kibuyu. Akamimina maziwa mgando kwenye bakuli la mti, akatia kijiko.

"Shemeji, usimpe!" Sasa Mzikayise aliweza kusema, na sauti ilimtoka kwa kukwaruza. "Maziwa haya ni ya damu ya nyumba hii. Binti wa Shange akiyala amekuwa wa humu, na Mbongeleni hashuki tena. Atazeeka naye mwilini."

"Na ubaya uko wapi?" MaSokhela alimjibu, bakuli mkononi. "Si yuko hapa? Si anasema?" Akachuchumaa mbele ya msichana. "Mwanangu, mbona hukuja miaka yote ile?"

"Nilikuja, Sokhela. Nilikuja mikono mitupu. Nikasimama langoni, ng'ombe wanaingia, naona moshi wa jiko lako. Nikaona haya. Nikarudi."

MaSokhela akajiinamia. Angeweza kukaa hivyo mpaka kufa kwake, akiuliza na kujibiwa. Bakuli likasogea lenyewe karibu na magoti ya msichana, au mkono wa MaSokhela ndio uliolisogeza, hakujua.

Akamtazama usoni. Kinywa kilikuwa kinacheka, kile kicheko cha upande mmoja cha Mbongeleni. Lakini macho yalikuwa ya Nompilo, yamejaa maji, yakimtazama kutoka mbali sana kama mtu aliyefungiwa ndani na hana wa kumpigia kelele. Vidole vimekamata sketi mpaka kucha zimekuwa nyeupe.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Huko mjini kulikuwa na mwanamke aliyemzaa huyu, na jioni hii angekuwa anawasha taa, akimngoja.

MaSokhela akainuka. Akalichukua bakuli, akalipeleka kule nyuma penye baridi, akaliweka karibu na tawi.

"Njoo ule huku, mwanangu. Hapo ulipokaa ni kwa watu."

"Huko kuna baridi, Sokhela."

"Najua."

"Giza."

"Najua, baba. Lakini ndiko kwenu. Huyu ana mama yake. Shuka."

"Usinifukuze."

"Sikufukuzi. Nakukaribisha. Shuka, Macingwane!" Na sauti yake ikapasuka, mkono wake ukionyesha pale chini.

Nompilo akaanguka ubavu, kama nguo inayodondoka kwenye kamba. Mzikayise akamdaka, akamburura mpaka upande wa wanawake. Msichana akakohoa, akaomba maji. "Mama, nimelala?" akauliza kwa sauti yake mwenyewe, akaanza kulia bila kujua analia nini.

Majani ya tawi yalikuwa yamelala chini kwa uzito, yakigandamizwa kwenye udongo.

MaSokhela alikuwa amekaa kando ya bakuli, shuka mabegani. Mle ndani hamkuwa na paka wala mbwa. Katika maziwa yale mazito, polepole, kikatokea kishimo cha ukubwa wa kijiko. Kisha kingine. Maziwa yakashuka, yakashuka, na ukingo wa bakuli ukabaki umelowa.

"Taratibu, mwanangu," akanong'ona. "Usije ukapaliwa."